Sumu Katika Chupa ya Soda: Namna ya Kuwalinda Watoto wa Meru na Embu

Katika nyumba nyingi za Meru na Embu pana sumu ya kutosha kumwua mtoto mdogo, na mara nyingi sumu hiyo imewekwa mahali ambapo mkono wa mtoto wafika. Yaweza kuwa mafuta ya taa katika chupa chini ya meza, au dawa ya kahawa iliyobaki baada ya kunyunyizia, au dawa ya kuogeshea ng'ombe, au vidonge ambavyo mama alipewa kliniki. Vitu hivi vyote vina kazi njema, wala hakuna anayewaambia watu wavitupe. Lakini yafaa kila mzazi ajue jinsi vinavyowaua watoto, na jinsi vifo hivyo viwezavyo kuzuiliwa kwa gharama ndogo sana.

Mtoto anapofariki ghafula, huku akitoka povu mdomoni, pengine jamaa hushuku kwamba amelogwa, au kwamba amelishwa kitu na jirani mwenye chuki. Ugomvi huzuka, na urafiki wa miaka mingi huvunjika. Kumbe chupa iliyomwua iko pale pale nyumbani, na mwezi ujao yaweza kumwua ndugu yake. Kwa hiyo kuujua ukweli wa jambo hili ni faida kwa mtoto, na ni faida pia kwa amani ya kijiji.

WATOTO WALIO HATARINI

Mwaka 2008 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa taarifa kubwa juu ya ajali za watoto. Taarifa hiyo ilieleza kwamba katika mwaka 2004 watoto na vijana zaidi ya 45,000, wenye umri wa chini ya miaka 20, walikufa duniani kwa sumu waliyoipata bila kukusudia. Ukilinganisha idadi ya watoto, vifo hivyo katika nchi zenye mapato madogo na ya kadiri vilikuwa mara nne ya vile vya nchi tajiri. Watoto wa nchi tajiri hawana akili kuliko wetu, wala matumbo yao si magumu zaidi. Tofauti iko katika vyombo vya kuwekea sumu, mahali pa kuvihifadhi, na upesi wa kufika hospitali.

Wanaopatwa zaidi na ajali hizi nyumbani ni watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne. Mtoto wa umri huo amekwisha kujifunza kutembea, naye hukijua kila kitu kwa kukitia kinywani. Hawezi kusoma maandishi yaliyobandikwa juu ya chupa, na harufu mbaya haimzuii kama imzuiavyo mtu mzima. Tena mwili wake ni mdogo: kiasi ambacho mtu mzima angeugua tu na kupona, chaweza kumwua mtoto wa kilo kumi. Ajali nyingi hutokea saa ambazo mama ana shughuli nyingi, anapopika, anapokwenda kuteka maji, au anapokuwa shambani na mtoto ameachwa kwa dada yake ambaye naye ni mtoto.

Wazee husema, mtoto akililia wembe mpe, maana akijikata kidogo atajifunza. Methali hiyo ina hekima kwa mambo mengi ya malezi. Kwa sumu haifai hata kidogo, kwa sababu mtoto aliyekunywa dawa ya wadudu huenda asiwe na siku ya pili ya kujifunza.

HATARI INAVYOBADILIKA

Katika miaka ya 1930 wakulima wa kwanza wa Kiafrika waliporuhusiwa kupanda kahawa huko Meru na Embu, dawa zilizokuwapo mashambani zilikuwa chache. Baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 kahawa ilienea katika vilima vyote vya mlima Kenya, na pamoja nayo dawa za kuzuia kutu ya majani, za kuua kunguni wa kahawa, na za magonjwa mengine. Kisha yakaja majani chai, miraa iliongezeka katika Igembe na Tigania, na pamba ikalimwa katika nchi ya chini ya Mbeere. Kila zao lilileta dawa zake, na kila dawa ilihitaji mahali pa kuwekwa.

Wakati huo huo karibu kila nyumba ilikuwa na koroboi, na kila koroboi ilikuwa na chupa yake ya mafuta ya taa. Kwa miaka mingi mafuta hayo yalikuwa mojawapo ya sumu zilizowapeleka watoto wengi hospitalini katika Kenya. Mwaka 2008 madaktari waliofanya kazi katika hospitali ya Kilifi, huko pwani, walichapisha maelezo ya watoto waliolazwa kwa sababu ya kunywa mafuta ya taa, na habari zao zafanana na zile ambazo mganga yeyote wa bara angeweza kusimulia: mtoto mdogo, siku ya joto, na chupa iliyokuwa karibu.

Hatari nyingine ya nyumbani ilikuwa vidonge vya klorokwini. Dawa hii iliokoa maisha ya watu wengi waliougua malaria, lakini kidonge kimoja au viwili tu vyaweza kumwua mtoto mdogo sana. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu haikuwa na nguvu tena juu ya ugonjwa huo, na kwa bahati njema hatari yake nyumbani ikapungua.

Mafuta ya taa nayo yamepungua. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba katika kila nyumba 100 za Kenya, karibu 23 tu ndizo zilizowasha taa za umeme. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nyumba za umeme zilikuwa zimefika nusu, na karibu moja katika kila tano ilitumia taa za jua. Koroboi inapotoka nyumbani, chupa yake hutoka pamoja nayo.

Lakini sumu za shambani hazikupungua. Dawa za wadudu na magugu zilizoingizwa nchini Kenya ziliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya mwaka 2015 na 2018. Nyumba ambayo baba yake aliogopa mafuta ya taa, leo yaweza kuwa na dawa kali zaidi chini ya kitanda. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba hatari imekwisha kwa sababu umeme umefika.

CHOMBO NDICHO KINACHODANGANYA

Tukizichunguza ajali hizi, twaona jambo moja likirudi mara kwa mara: sumu haikuwa katika chombo chake. Mkulima mwenye mashina machache ya kahawa hahitaji chupa nzima ya dawa, wala hana fedha za kuinunua. Huenda dukani akapimiwa kidogo katika chupa tupu ya soda au ya maji. Wengine hununua chupa moja na kugawana majirani watatu. Mafuta ya taa nayo hupimwa hivyo hivyo. Chupa hiyo hufika nyumbani bila maandishi, bila alama ya hatari, na kizibo chake hufunguka kwa urahisi.

Sasa mfikirie mtoto. Sikukuu iliyopita alipewa soda katika chupa ya namna ile ile, akafurahi. Dawa nyingi zikichanganywa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Mafuta ya taa ni meupe kama maji. Mtoto ana kiu, chupa iko sakafuni, naye anakunywa. Hakuwa mtundu wala mkaidi. Alifanya lile alilofundishwa na watu wazima, yaani kwamba kilichomo katika chupa ya soda hunywewa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 1982 juu ya dawa za kuua wadudu yataka dawa hizo ziandikishwe, zifungwe vizuri, na zibandikwe maandishi ya kueleza matumizi na hatari. Kazi ya kuisimamia sheria hiyo imewekwa mikononi mwa Bodi ya kuangalia dawa hizo. Mwenye duka anayemimina dawa katika chupa ya soda anaweka hatarini watoto wa wateja wake, na mkulima anayeleta chupa ya soda ili apimiwe amshawishi kufanya kosa. Yafaa wakulima wanunue pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani, au wanyunyiziwe dawa na mtu aliyefundishwa ambaye huja nayo na kuondoka nayo.

Kwamba chombo kina nguvu ya kuokoa maisha, jambo hilo limekwisha kuthibitishwa. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya kutaka dawa na sumu za nyumbani ziwekwe katika vyombo ambavyo mtoto mdogo hawezi kuvifungua. Mwaka 1972 watoto 216 wenye umri wa chini ya miaka mitano walikufa huko kwa sumu. Miaka thelathini baadaye idadi ya mwaka mzima ilikuwa chini ya 50, ijapokuwa watu na dawa vilikuwa vimezidi. Karibu nasi zaidi, katika Afrika ya Kusini, watafiti waligawa vyombo 20,000 vya mafuta ya taa, vyenye vifuniko vigumu kwa mtoto, katika eneo moja la mashambani. Taarifa yao ya mwaka 1994 ilionyesha kwamba watoto waliokunywa mafuta katika eneo lile walipungua karibu nusu. Wazazi walikuwa wale wale, na watoto walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni chombo.

MAMBO YA SHAMBANI

Yako mambo manne ambayo wakulima wa nchi hii wapaswa kuyaangalia hasa.

La kwanza ni mbegu. Mahindi na maharagwe ya kupanda hutiwa dawa, kisha hutiwa rangi nyekundu, ya kijani au ya buluu ili watu wajue kwamba hayaliwi. Baada ya kupanda, hasa wakati wa mvua za Oktoba ambazo watu wa Mbeere huzitegemea sana, mbegu chache hubaki mfukoni. Mtoto huona rangi nzuri. Hata mtu mzima wakati wa njaa huenda akaziosha na kuzipika, lakini kuosha hakuondoi sumu yote. Mbegu zilizobaki zifungiwe mpaka msimu ujao.

La pili ni dawa ya panya. Wachuuzi wengine sokoni huuza vipakiti visivyo na jina la dawa wala la mtengenezaji. Kisha dawa huchanganywa na ugali au samaki na kuwekwa sakafuni usiku. Panya asipokula, mtoto anayetambaa ndiye atakayekikuta chakula hicho asubuhi. Mtego na paka ni salama kuliko sumu ya namna hiyo.

La tatu ni bomba la kunyunyizia na nguo za kazi. Sumu nyingi za wadudu hupenya katika ngozi. Baba arudipo kutoka shambani avue nguo zake na kuoga kabla ya kumpakata mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Watoto wasichume majani chai wala miraa iliyonyunyiziwa kabla ya kwisha siku zilizoandikwa juu ya pakiti.

La nne ni vyombo vitupu. Mtungi wa dawa, hata ukioshwa mara kumi, haufai kuteka maji, kubebea maziwa wala kutengenezea pombe. Uoshwe mara tatu, maji yake yamiminwe katika bomba na kunyunyiziwa shambani, kisha mtungi utobolewe ili usitumike tena.

MTOTO AKINYWA SUMU

Hapa ndipo wazazi wengi, kwa mapenzi yao, humwongezea mtoto madhara. Desturi ya zamani ni kumtapisha kwa kidole au kwa maji ya chumvi, au kumnywesha maziwa, mafuta ya kupikia au mayai mabichi. Mambo hayo yaachwe.

Mafuta ya taa yakifika tumboni huleta madhara machache. Hatari yake kubwa iko katika mapafu. Mtoto akipaliwa, matone machache huingia katika mapafu na kuyaunguza. Akitapishwa, mafuta hupita kooni mara ya pili, na nafasi ya kuingia mapafuni huwa mara mbili. Pengine mtoto huonekana mzima kwa saa kadhaa, kisha huanza kukohoa, kupumua kwa haraka na kupata homa. Kwa hiyo apelekwe hospitali hata kama anacheza.

Vitu vikali vya kuunguza, kama magadi ya kuzibulia mabomba au asidi ya betri ya gari, huunguza koo vinaposhuka na huunguza tena vinapopanda. Hivi pia visitapishwe. Betri ndogo ya duara, kama ile ya saa, ikikwama kooni yaweza kutoboa koo kwa muda wa saa chache. Mtoto aliyeimeza apelekwe bila kungoja.

Dawa nyingi za wadudu wa mimea na za kupe huishambulia mishipa ya fahamu. Dalili zake ni mate mengi, machozi, jasho, kutapika, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kutetemeka, na kifua kujaa maji hata pumzi zikashindwa. Hospitali zina dawa iitwayo atropini ambayo huweza kumwokoa, lakini muda ni mfupi. Ikiwa sumu imemwagika mwilini, mvueni nguo na kumwosha kwa sabuni na maji mengi, na anayemwosha ajikinge mikono.

Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama wajawazito hupewa huonekana kama peremende, navyo vyaweza kumwua mtoto mdogo akila vingi. Mtoto aweza kutapika, kisha akaonekana amepona, na siku ya pili akazidiwa. Asidanganye mtu yeyote kwa nafuu hiyo.

Mtoto aliyezimia alazwe ubavu, wala asipewe kitu chochote kinywani. Chukueni chupa au pakiti ya sumu mwende nayo, maana mganga akijua jina la sumu atajua dawa yake. Semeni ukweli juu ya kilichonywewa, saa yake na kiasi chake. Daktari hakai pale kuwahukumu wazazi. Toka Chogoria, ambako hospitali ya misheni ilianzishwa mwaka 1922, hata Maua, na katika hospitali za rufaa za Meru mjini na Embu mjini, wako waganga waliozoea kazi hii. Kituo cha afya kilicho karibu chaweza kuanza matibabu na kuita gari. Msipoteze saa kwa kumtafuta mganga wa kupiga ramli.

SUMU ZISIZOKAA CHUPANI

Ziko sumu mbili ambazo kufuli haiwezi kuzizuia. Ya kwanza ni hewa ya jiko la makaa. Miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi ni kali katika vilima vya Imenti na Kianjokoma, na watu huingiza jiko katika chumba wanacholala na kufunga madirisha. Makaa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua jamaa nzima katika usingizi. Jiko litolewe nje kabla ya kulala.

Ya pili ni sumu ya kuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 katika sehemu za mashariki na kati za Kenya, hasa Makueni na Kitui, na watu 125 walikufa. Kupika hakuiharibu. Mahindi yakaushwe sana juu ya turubai, yahifadhiwe juu ya mbao mahali pasipovuja, na yaliyoota kuvu yasiliwe wala yasipewe mifugo.

LIFANYWE NINI?

Yafuatayo yaweza kufanywa na kila jamaa:

1. Sumu ikae katika chombo chake cha kwanza, chenye maandishi yake, siku zote.

2. Kila nyumba iwe na sanduku au kabati moja lenye kufuli, mbali na chakula, kwa ajili ya dawa za shamba na za mifugo. Fundi wa kijiji aweza kulitengeneza kwa mbao chache. Kufuli hiyo itamlinda mtoto mdogo, na tena yaweza kumlinda mtu mzima au kijana aliyejawa na huzuni, akapata muda wa kusikia neno la jamaa zake.

3. Vidonge vya wagonjwa viwekwe juu na kufungiwa, wala mtoto asiambiwe kwamba dawa ni peremende.

4. Mafuta ya taa yawekwe katika mtungi wenye kifuniko cha kukaza, uliopakwa alama nyekundu, mahali asipofikia mtoto.

5. Wageni, hasa bibi na babu wenye dawa za presha na za sukari, wasiache mikoba yao kitandani.

Machifu wana baraza, walimu wana mikutano ya wazazi, na vyama vya ushirika vya kahawa vina mikutano ya wanachama. Jambo hili lafaa kuzungumzwa katika mikutano hiyo kabla ya kila msimu wa kunyunyizia. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatuma wahamasishaji wa afya wapatao 100,000 kuzunguka nyumba kwa nyumba. Anapofika kwenu, mwombeni awatazamie mahali mnapoweka dawa, kama anavyotazama choo na maji ya kunywa. Bwana shamba naye aulizwe juu ya dawa zisizo kali sana.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya jambo hili haihitaji kungojea fedha wala mradi. Jioni ya leo, kabla ya kulala, washeni taa mtazame chini ya kitanda, nyuma ya mlango, juu ya dirisha na katika ghala. Kila chupa ya soda isiyokuwa na soda iondolewe mahali hapo.